RAMANI, KIVULI NA PACHA: UHAKIKI WA DHANA YA PACHA WA KIDIJITALI KATIKA UJENZI KWA KUREJELEA NACHINGWEA NA RUANGWA

IKISIRI

Makala haya yanahakiki dhana ya pacha wa kidijitali kama inavyoingia katika taaluma ya ujenzi, na kama inavyoanza kuzungumzwa kwa Kiswahili. Matini mbili zinasomwa kwa jicho la dhana hiyo. Ya kwanza ni waraka wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1947 kuhusu kilimo cha karanga Afrika Mashariki, uliozaa mji wa Nachingwea wa leo. Ya pili ni ramani sanifu ya darasa inayojengwa kwa mfumo wa fosi akaunti katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Inajengwa hoja kwamba kigezo kinachotumiwa na wanataaluma kutenganisha kielelezo, kivuli na pacha, yaani taarifa kupita zenyewe bila mkono wa mtu, hakigusi kiini cha jambo. Kinachotofautisha pacha na kivuli ni mamlaka: kama neno linalotoka kwenye msingi uliochimbwa linaweza kubadili kilichoandikwa.

1.0 Utangulizi

Nachingwea kuna mahali panapoitwa Farm 17. Jina hilo halikutokana na mto, kilima wala mzee aliyeanzisha kijiji. Ni la Kiingereza, na nusu yake ni namba. Wengi wanapakumbuka kwa sababu ya kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, walioandaliwa hapo kwa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Hata hivyo, namba ni ya zamani kuliko kambi. Ni baki la Mpango wa Karanga, mpango ambao uliigawa ardhi ya Jimbo la Kusini kwa hesabu kabla ya mtu yeyote kuichimba. Mashamba yamekwisha, reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini namba imebaki ardhini kama alama ya chaki kwenye mbao ambayo seremala alisahau kuifuta.

Uhakiki wa fasihi umezoea kusoma riwaya, tamthiliya na tenzi. Ramani ya jengo, makisio ya vifaa na waraka wa mpango haviko katika orodha hiyo, ingawa navyo ni matini: vina msimulizi, vina wahusika waliotajwa na walionyamazishwa, na vina mtindo. Makala haya yanavisoma hivyo. Sababu ya kufanya kazi hiyo sasa ni kwamba sekta ya ujenzi duniani imepata matini ya aina mpya, nayo imepewa jina la mtu wa familia.

2.0 Pacha katika ngeli ya A-WA

Historia ya dhana yenyewe inaweza kuelezwa kwa ufupi. Katika miaka ya 1970, Charles Eastman alionyesha kwamba jengo linaweza kuhifadhiwa katika kompyuta kama mkusanyiko wa vitu vyenye sifa, badala ya mistari mitupu. Ukuta katika mfumo huo unajua unene wake, tofali zake na mlango ulio ndani yake. Ukisogeza mlango, hesabu ya tofali inabadilika. Kutokana na wazo hilo ulikua mfumo wa kielelezo cha taarifa za jengo, unaojulikana kwa kifupi kama BIM, ambao Uingereza iliufanya kuwa sharti kwa miradi ya serikali kuu kuanzia Aprili 2016 na ambao umewekewa kiwango cha kimataifa cha ISO 19650. Wazo la pacha lilitoka kwingine, katika viwanda. Michael Grieves alilieleza mwaka 2002 alipokuwa Chuo Kikuu cha Michigan, na jina la pacha wa kidijitali likaenea baada ya mwaka 2010 kupitia John Vickers wa shirika la anga la NASA. BIM husimulia jengo litakavyokuwa. Pacha anadaiwa kusimulia jengo lilivyo saa hii: joto lake, nyufa zake, maji yanayopita katika mabomba yake.

Kiswahili kimelitafsiri jina hilo bila shida. Pacha ni neno zuri, fupi, linaloeleweka kila mahali. Tatizo limo katika sarufi. Ramani iko katika ngeli ya I-ZI: ramani imechorwa, ramani imepotea. Kielelezo na kivuli viko katika KI-VI: kivuli kimesogea. Pacha anaingia A-WA. Mara tu faili la kompyuta linapoitwa pacha, mzungumzaji analazimika kusema pacha *ameonya*, pacha *anajua*, pacha *amekadiria*. Kiingereza hakina ulazima huo. Kwa Kiswahili, upatanisho wa kisarufi unaipa mashine uhai na ushahidi kabla haijafanya kazi yoyote ya kuustahili. Hili si jambo dogo mbele ya kamati ya ujenzi ya kijiji. Ramani ikikosea, aliyeichora anaulizwa. Pacha akikosea, anaulizwa nani?

Kiswahili kina matumizi mengine ya neno hilohilo. Husemwa ndizi pacha kwa ndizi mbili zilizoshikana ndani ya ganda moja. Hapo hakuna wa asili na wa nakala. Ukiumenya upande mmoja umegusa wa pili. Maana hii ya jikoni inakaribia zaidi kile Grieves alichokusudia, kwani katika maelezo yake kitu halisi na mwenzake wa kompyuta vinaunganishwa na taarifa zinazokwenda pande zote mbili. Wanaotangaza mifumo hii mara nyingi huusifu mwili wa pili na kulisahau ganda.

Kritzinger na wenzake (2018) walijaribu kuondoa mkanganyiko huo. Kwa mujibu wao, kama taarifa zinahamishwa kwa mkono kwenda na kurudi, kilichopo ni kielelezo tu. Kama zinatoka kwenye kitu halisi zenyewe lakini hazirudi zenyewe, hicho ni kivuli. Zikienda na kurudi zenyewe, ndipo anapatikana pacha. Uainishaji huo umenukuliwa sana, na ni wa manufaa, kwa kuwa unaonyesha kwamba mengi yanayoitwa pacha ni vivuli. Aidha, kwa Kiswahili umepata bahati isiyotarajiwa. Methali husema kivuli cha mvumo huwafunika walio mbali. Mvumo ni mrefu, na aliyekaa shinani pake anachomwa na jua huku baridi ikimfikia wa mbali. Taarifa zinazokusanywa Ruangwa na kuonekana kwenye skrini Dodoma, pasipo chochote kinachorudi shinani, haziwezi kupata jina sahihi kuliko hilo.

Hata hivyo, kigezo cha Kritzinger na wenzake kilizaliwa katika uhandisi wa viwanda, ambamo mashine huongea na mashine. Kupima ujenzi wa kusini mwa Tanzania kwa kigezo hicho ni kupima urefu wa ukuta kwa debe. Waraka wa mwaka 1947 unaonyesha kwa nini.

3.0 Mapacha 107 wa karatasi

Machi 1946, Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, alipeleka kwa serikali ya Uingereza wazo la kulima karanga kwa mitambo ili kuziba upungufu wa mafuta ya kula uliofuata vita. Ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo Tanganyika, ulitumwa kukagua. Ulifanya kazi kwa muda wa miezi michache ya mwaka huo, sehemu kubwa ya ardhi ukiitazama kutoka kwenye ndege. Februari 1947 serikali ikatoa waraka wake bungeni.

Waraka huo unastahili kusomwa polepole. Unapendekeza ekari 3,210,000 zisafishwe katika miaka sita, zigawanywe katika vizio 107, kila kizio ekari 30,000. Kenya vizio 10, Rhodesia ya Kaskazini 17, Tanganyika 80. Katika hivyo 80, vizio 55, sawa na ekari 1,650,000, vilipangiwa Jimbo la Kusini. Zaidi ya nusu ya mpango mzima, basi, ilikuwa ni pori la nyuma ya Lindi ambalo Nachingwea ilikuja kuwa kitovu chake.

Mtindo wa matini hii ni urudiaji. Kizio kimoja kinaelezwa, kisha kinazidishwa. Trekta za kizio kimoja, wafanyakazi wa kizio kimoja, mavuno ya kizio kimoja. Halafu mara 107. Kwa lugha ya leo, waandishi waliunda kielelezo kimoja na kukinakili. Hapa ndipo penye udhaifu wake kama matini, kabla hata ya kuwa udhaifu wa kilimo: katika vizio 107 hakuna hata kimoja chenye sura yake. Kongwa yenye mvua za kusuasua na udongo unaokauka ukawa mgumu kama sakafu, na Nachingwea yenye mvua za msimu zilizo nzuri zaidi, zimeandikwa kwa kalamu moja. Mapacha wa karatasi walifanana mno, na kufanana huko ndiko kulikopaswa kumshtua msomaji.

Jambo la pili ni ukimya. Maeneo yalichaguliwa kwa sababu, pamoja na mengine, yalikuwa na watu wachache. Matini inaupokea uchache huo kama sifa ya ardhi, sawa na mteremko au rangi ya udongo. Msomaji wa kusini anajua kwamba uchache wa watu una historia. Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata viliondoa watu wengi. Mbung'o na uhaba wa maji viliwazuia wengine kurudi. Kutoka angani utupu unaonekana vizuri kabisa. Sababu yake haionekani, na sababu hiyo, hasa maji, ndiyo ambayo mpango wowote wa kuweka trekta na maelfu ya wafanyakazi ulipaswa kuanza nayo.

Inaweza kudaiwa kwamba yote haya yanathibitisha umuhimu wa teknolojia ya sasa: Wakefield angekuwa na picha za satelaiti na vipima unyevu ardhini, maafa yasingetokea. Dai hilo linavutia lakini halisimami. Taarifa zilirudi. Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa habari wa shirika lililousimamia mpango huo na ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1950, anaonyesha kwamba waliokuwa Kongwa waliona mapema kwamba mambo hayaendi: visiki vilivunja mitambo, trekta zilizonunuliwa kutoka kwenye mabaki ya vita ziliharibika, na lengo la ekari 150,000 za mwaka wa kwanza liliishia katika ekari elfu chache zilizopandwa. Habari hizo zilifika London. Kilichokosekana ni njia ya habari hizo kuubadili waraka. Mpango ulikwisha kutamkwa bungeni, waziri John Strachey alikwisha kuutetea, na kila ripoti ya kushindwa ilisomwa kama sababu ya kuongeza mitambo badala ya kupunguza ekari. Kitabu cha Wood nacho kina kasoro yake. Kinawaona vizuri maofisa waliobishana, lakini watu wa Jimbo la Kusini wanapita nyuma ya jukwaa wakibeba mizigo. Walakini kwa hoja hii ushahidi wake unatosha.

Kusini kosa lilichukua sura ya ujenzi. Reli kutoka mwambao wa Lindi hadi Nachingwea na bandari ya kina kirefu ya Mtwara vilijengwa kwa ajili ya karanga za vizio 55. Vilijengwa vizuri. Meli bado zinatia nanga Mtwara. Lakini mpango ulifutwa Januari 1951, hasara ya zaidi ya pauni milioni 36 ikafutwa katika vitabu, na reli ikabaki ikisubiri mzigo ambao ulikuwepo katika hesabu tu. Kama mwenzake wa kompyuta angekuwapo, angeonyesha kila siku, kwa usahihi, mabehewa matupu. Angekuwa kivuli sahihi cha kosa.

Kwa kigezo cha Kritzinger na wenzake, uhusiano wa waraka na ardhi ya Nachingwea ulikuwa wa kielelezo, kwa kuwa taarifa zilihamishwa kwa mkono, kwa barua na simu ya maandishi. Lakini kuongeza kasi ya barua hadi kufikia kasi ya umeme kusingebadili chochote katika London ya mwaka 1948. Kasoro haikuwa ya waya.

4.0 Shilingi milioni 20, Dar es Salaam na Nachingwea

Matini ya pili ni ya kawaida zaidi. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, kama kwingineko nchini, madarasa, zahanati na nyumba za walimu hujengwa kwa wingi kwa fosi akaunti: hakuna mkandarasi mkuu, fedha zinaingia kwenye akaunti ya shule au kituo, kamati inanunua vifaa, fundi wa eneo anapatana bei ya ufundi, mhandisi wa halmashauri anasimamia. Ramani sanifu inatoka TAMISEMI. Mwaka 2021, kupitia mpango wa maendeleo uliogharimiwa na mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, yalipangwa madarasa 15,000 kwa nchi nzima, kila darasa shilingi milioni 20.

Msomaji aliyetoka kwenye vizio 107 atautambua mtindo. Kizio kimoja, mara elfu kumi na tano. Haifai, hata hivyo, kufananisha kupita kiasi. Darasa si shamba la ekari 30,000, na ramani sanifu ina hekima ambayo waraka wa 1947 haukuwa nayo: inajengeka na fundi aliyepo. Fundi aliyejenga darasa moja Ruangwa anaijua renta yake, anajua kenchi zinakaa umbali gani, na anaweza kujenga la pili kwa kumbukumbu huku karatasi ikiwa imefungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Urudiaji hapa umekuwa elimu.

Lakini milioni 20 ni milioni 20, na barabara si moja. Nondo na mabati yanayotoka Dar es Salaam hupita Kilwa kabla ya kufika Lindi. Mei 2024 mvua zilikata barabara hiyo eneo la Somanga, na kusini ikatengana na nchi kwa siku kadhaa. Saruji ina nafuu tangu kiwanda cha Dangote kijengwe Mtwara, ila kutoka hapo hadi kijiji cha ndani ya Nachingwea bado kuna safari. Madarasa ya mwaka 2021 yalitakiwa kukamilika ili wanafunzi waingie Januari 2022. Maana yake ujenzi uliangukia miezi ya minada ya korosho, na mvua za msimu kusini huanza kuelekea mwisho wa mwaka. Mambo haya kila mzee wa kamati anayajua. Hayamo katika takwimu ya milioni 20, na takwimu hiyo haina mlango wa kuyaingiza.

Mifumo ya kidijitali ya serikali imeongezeka. Ununuzi unapita NeST tangu mwaka 2023, na matumizi ya vituo yanaandikwa katika mfumo wa uhasibu wa FFARS. Yote miwili inaeleza fedha na zabuni. Jengo lenyewe halimo. Inajulikana kwamba mifuko ya saruji imenunuliwa. Haijulikani imeingia katika jamvi au katika plasta, wala kina cha msingi pale fundi alipokuta udongo laini akaamua kushuka zaidi. Huo ni mvumo, na kivuli chake kiko mbali.

Wakati huohuo kuna kitu kingine katika maeneo hayo ya ujenzi. Ni kundi la WhatsApp. Fundi au mwenyekiti wa kamati anapiga picha ya nondo kabla ya zege kumwagwa, anaituma. Mhandisi, ambaye ana miradi mingi na gari moja, anajibu: ringi zimeachana mno, ongezeni, msimwage. Na zege halimwagwi. Kwa kigezo cha Kritzinger na wenzake hicho hakifiki hata kivuli, kwa sababu kila hatua imepita katika kidole cha mtu. Lakini kitu halisi kimeonekana, kimesomwa, na neno lililorudi limebadili kitu halisi kabla hakijaganda. Ganda la ndizi limeguswa pande zote mbili. Ikiwa neno pacha lina haki ya kutumika mahali popote katika ujenzi wa Ruangwa leo, ni hapo.

Kasoro ya kundi hilo ni mbili, na ni za kweli. Halina kumbukumbu: simu ikipotea au ikijaa, picha ya nondo iliyofunikwa na zege imepotea nayo, na miaka kumi baadaye ukuta ukipasuka hakuna wa kuulizwa. Pili, mamlaka yake yanaishia kwenye nondo. Mhandisi anaweza kuamuru zege lisimwagwe. Hawezi, kwa picha hiyohiyo, kuifanya milioni 20 iwe milioni 22 kwa sababu msingi umeshuka. Anayeweza hayumo kwenye kundi. Hivyo basi fundi akishuka zaidi chini, kuna kitakachopungua juu, na mara nyingi ni kile ambacho hakionekani katika picha ya uzinduzi.

Kwa mantiki hiyo, wanaopendekeza BIM kwa halmashauri za kusini wangefanya vyema kuanza na swali ambalo ujumbe wa Wakefield haukuulizwa: ni nani atakayelazimika kubadili tarakimu yake, na kwa siku ngapi, endapo shimo litasema tofauti na karatasi? Programu inayomjibu mwenye swali hilo inaweza kuwa nyepesi, hata ikakaa ndani ya simu ya kawaida. Isiyomjibu inaweza kuwa na rangi zote na ukuta unaozunguka kwenye skrini, nayo itabaki katika KI-VI.

Kuhusu istilahi, kazi iko mbele ya BAKITA na vyuo vyenye idara za Kiswahili. Neno pacha lisizuiwe, kwa kuwa limekwisha kupendwa. Ila kivuli nacho kipewe hadhi ya istilahi kamili, kitumike bila haya katika ripoti, ili ofisa aandike kwamba wilaya yake ina kivuli cha kidijitali cha madarasa yake na aeleweke kuwa amesema kweli. Kwa mabadiliko yanayofanyika eneo la ujenzi na kurudishwa kwenye ramani, mafundi hawana neno moja. Husema tu ramani imerekebishwa. Marekebisho hayo, yakiandikwa, huandikwa kwa kalamu ya risasi pembeni mwa nakala iliyo kwenye meza ya stoo, karibu na daftari la saruji, na jengo likikabidhiwa nakala hiyo hubaki hapo hapo stoo.